Binti alisoma kwa ajili ya mtihani, mama akapata jibu la miaka minane

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili jioni. Binti aliegemeza simu ya mama yake kwenye chupa ya chai ili mwanga wa tochi uangukie daftari. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebakiza wiki sita. Kwenye mtihani wa majaribio alifanya vizuri Baiolojia karibu yote, isipokuwa swali moja la urithi, ambalo mwalimu alilipiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini na kuandika pembeni neno moja: Rudia.

Upande wa pili wa meza mama alikuwa anachambua maharage ya kesho. Ni mama wa darasa la saba, mchuuzi wa dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Huamka saa kumi alfajiri, na kwa kawaida saa tatu usiku huwa amekwishalala. Usiku huo alikaa kwa sababu binti alimwomba akae.

"Mwalimu amesema kama siwezi kumweleza mtu ambaye hajasoma, basi hata mimi sijaelewa," alisema binti.

"Kwa hiyo mimi ndiye ambaye hajasoma," mama alijibu, wakacheka wote wawili.

Mwalimu huyo alikuwa na hoja. Sekondari masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, na mtoto anaweza kukariri ukurasa mzima wa maneno magumu, akaumwaga kwenye karatasi ya mtihani bila kujua unasema nini. Mada ya urithi ndiyo inayowaumbua zaidi, maana swali lake haliulizi maana ya neno. Linampa mwanafunzi baba na mama, kisha linamtaka aoneshe watoto watakuwaje. Aliyekariri hukwama hapo. Mzazi anayeona mwanawe anarudia maneno yaleyale chumbani kama kasuku anaweza kufanya jambo moja dogo: amwambie amweleze kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote ya nyumbani, bila daftari.

Binti alianza na Gregor Mendel, mtawa wa Brno aliyepanda njegere kwenye bustani ya nyumba ya watawa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Mendel alichavusha mche uliotokana na mbegu za mviringo kwa mche uliotokana na mbegu zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza kilitoa mbegu za mviringo tupu. Alipoiacha mimea ya kizazi hicho ijichavushe yenyewe, zile zilizokunjamana zikarudi: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Karibu tatu kwa moja.

"Zilikuwa zimejificha wapi?" mama aliuliza.

Binti alinyamaza kidogo. Darasani hakuna aliyeuliza hivyo. Alieleza kwamba kila mche una nakala mbili za maelekezo ya umbo la mbegu, moja kutoka kila upande wa uzazi. Nakala ya mviringo ikiwepo, hata moja tu, ndiyo inayoonekana. Nyingine ipo, lakini imekaa kimya mpaka ikutane na mwenzake wa aina yake.

Mama akasema hilo analijua kwa kuku. Jogoo wa bibi yao kijijini alikuwa kishingo, shingo tupu kabisa, na vifaranga aliozaa na matetea wa kawaida wote walitoka na shingo tupu lakini wakiwa na kishada cha manyoya mbele. Baadaye vile vyenye vishada vilipozaana, wakatoka wa kila namna: wenye shingo tupu, wenye kishada, na wengine wenye manyoya kama kuku wa kawaida. Watu kijijini walisema jogoo wa jirani ameingia bandani.

Binti aliandika haraka. Kishingo ni mfano safi kabisa wa kipengele kingine cha mada hiyohiyo, pale ambapo nakala moja haiifuniki nyingine yote, na mwenye moja moja anaonekana katikati: kishada. Kitabu chake kilikuwa na mfano wa maua ya nje ambayo hajawahi kuyaona. Kuku amewaona tangu anatambaa.

Basi wakaenda hivyo kwa nusu saa. Habari ya wavulana na wasichana ilipita upesi: yai la mama siku zote lina kromosomu X, mbegu ya baba ina X au Y, kwa hiyo baba ndiye anayeamua bila kujua kwamba anaamua. Mama aliguna tu, akaendelea na maharage. Kutotofautisha rangi nako wakakupita: baba humrithisha binti yake X, hamrithishi mwana wa kiume, kwa hiyo mvulana mwenye tatizo hilo amelitoa kwa mama.

Makundi ya damu yaliwachukua muda zaidi, na ni vizuri wazazi wakayaelewa, kwa sababu zipo ndoa zilizotikiswa na hesabu hii iliyofanywa nusunusu. Baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kabisa kumzaa mtoto wa kundi O, endapo kila mmoja amebeba O iliyojificha. Mtu anayedhani A na B lazima watoe A au B au AB atamshutumu mwenzake bure. Na kabla ya shutuma yoyote, mtu ajiulize kama kweli analijua kundi lake la damu, au analikumbuka tu kutoka kwenye kadi iliyopotea zamani.

Kisha binti akafungua karatasi ya maswali ya miaka iliyopita aliyopewa shuleni, akaanza kusoma swali linalofuata, akaacha katikati.

"Mbona umenyamaza?"

"Hili tuliruke, mama."

"Soma."

Swali lilisema mwanamume na mwanamke wenye afya njema wamepata mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu. Kwa kutumia mchoro, onesha jinsi ilivyowezekana.

Chumba cha pili kulikuwa na mvulana wa miaka tisa amelala. Wiki mbili kabla alikuwa amelazwa siku nne kwa maumivu ya miguu na mgongo, macho yakiwa ya njano kama kiini cha yai. Nyumbani ugonjwa wake unaitwa sikoseli, kama unavyoitwa mtaani kote, na kwa kawaida jina hilo hutajwa kwa sauti ya chini.

Alianza kuvimba viganja na nyayo akiwa na miezi kumi. Walidhani ameng'atwa na mdudu. Alipopimwa hospitali na majibu yakatoka, muuguzi aliwaita wazazi wote wawili na kuwaeleza kwa haraka, maana foleni ilikuwa ndefu. Neno ambalo mama aliondoka nalo ni moja: mmebeba. Wote wawili mmebeba, muuguzi alisema. Lakini katika nyumba ile aliyebeba alikuwa mmoja. Alibeba mimba miezi tisa, akabeba mtoto mgongoni, na sasa akaelewa kwamba amebeba na ugonjwa.

Wifi yake hakusaidia. Siku ya kwanza tu alipokuja kumwona mtoto, alikaa kwenye kiti, akasema kwamba katika ukoo wao kitu hicho hakijawahi kuonekana. Hakuongeza neno. Haikuhitajika, kwa sababu wote waliokuwepo walijua kwamba dada yake mama, huko Sengerema, alizika mtoto mdogo aliyekuwa akiishiwa damu. Kwa hiyo damu mbaya ilijulikana imetoka wapi. Baba wa watoto, fundi wa injini za boti, hakukubali wala kukataa. Alitoa nauli za kliniki, akanunua dawa, akakesha wodini zamu yake ilipofika. Juu ya hilo neno alinyamaza, na kimya hicho mama alikisikia kwa miaka minane.

Binti alikuwa na miaka minane wakati huo. Alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza.

Sasa alichora mraba, akaugawa vyumba vinne. Akaanza kama mwalimu alivyowafundisha, kwa sababu katika swali hili alama hutolewa kwa hatua: kwanza sema herufi zako zinasimama badala ya nini. Herufi A ni maelekezo ya hemoglobini ya kawaida. Herufi S ni maelekezo yenye kosa, yanayofanya chembe nyekundu za damu zikose umbo lake la duara na kujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kuvunjika mapema. Ndiyo sababu ya maumivu, na ndiyo sababu damu inapungua na macho yanakuwa ya njano. Kisha andika wazazi wanaonekanaje: wazima, wote wawili. Kisha jozi zao.

"Mtoto ana SS," binti alisema. "Ni lazima awe na S mbili ndipo aumwe. Na hapati mbili kutoka sehemu moja. Anapata moja kwa mama na moja kwa baba."

Mama aliacha kuchambua.

"Moja kwa baba?"

"Lazima."

Akajaza vyumba. AA kimoja, AS viwili, SS kimoja.

Mama akavuta daftari upande wake. Hakuweza kusoma maelezo ya Kiingereza, lakini herufi A na S anazijua. Aliweka kidole kwenye kila chumba. Kisha akauliza swali ambalo, kwa haki, lingefaa kuwekwa kwenye mtihani wowote: "Sasa chora kama mimi ndiye mwenye hiyo S, na baba yako hana."

Binti akachora mraba wa pili. Mama AS, baba AA. Vyumba viwili vikatoka AA, viwili AS. Hakuna SS.

"Rudia."

Akarudia. Hakuna SS.

Mama hakusema kitu kwa muda mrefu. Alichukua kitambaa, akafuta meza mahali ambapo palikuwa pasafi. Kisha akaomba michoro ile miwili ichorwe tena kwenye karatasi ya peke yake, kwa herufi kubwa, na binti akafanya hivyo. Karatasi hiyo leo imekunjwa ndani ya daftari la kliniki la mvulana.

Usiku ule ungeweza kuishia hapo, lakini mama alikuwa na swali lingine ambalo alikuwa akilihesabia moyoni muda mrefu. Wana watoto watatu: binti huyu, mdogo wake wa kike wa miaka kumi na tatu, na mvulana. Mume anatamani mtoto mwingine wa kiume. Jirani mmoja, mama mwenye mtoto kama wake, alikuwa amemwambia kwamba ugonjwa huu huchukua mmoja kati ya wanne. Kwa hiyo kama mmoja ameshatoka, nyumba imelipa deni lake, na atakayefuata ni mzima.

"Si ndivyo mraba unavyosema?" aliuliza. "Vyumba vinne, mmoja mgonjwa. Huyo tayari tunaye."

Binti aliinamisha macho kwenye karatasi ya mtihani wa majaribio, kwenye ule mstari mwekundu. Alikuwa ameandika kwamba kati ya watoto wanne wa wazazi hao, watatu watakuwa wazima na mmoja atakuwa mgonjwa. Mwalimu alikuwa amekata sentensi hiyo mara mbili. Hakuelewa kwa nini, maana namba zilikuwa sahihi. Sasa akaelewa, akiwa ameulizwa na mtu ambaye jibu lingemwingia tumboni.

Kwenye bakuli kulikuwa na maharage ya njano na mekundu, mchanganyiko wa bei nafuu. Binti akachukua vikombe viwili vya bati. Kikombe cha mama akatia harage moja la njano na moja jekundu. Kikombe cha baba vilevile. Njano ni A, jekundu ni S. Akamwambia mama afumbe macho, atoe harage moja kutoka kila kikombe, watazame, kisha wayarudishe yote mawili kabla ya kutoa tena.

"Kila tukirudisha ni mimba nyingine," alisema.

Mara ya kwanza: njano na nyekundu. Mzima, amebeba. Mara ya pili: njano mbili. Mara ya tatu: nyekundu mbili. Mama alifungua macho, akaona, akafumba tena bila kuambiwa. Mara ya nne: nyekundu mbili.

"Umechanganya vibaya," mama alisema.

"Sijachanganya kitu, mama. Yamo mawili tu."

"Lakini nimetoka kutoa mgonjwa sasa hivi."

"Kikombe hakijui."

Walitoa mara arobaini. Binti alipiga mistari kwenye daftari: njano tupu mara nane, mchanganyiko mara ishirini na tatu, nyekundu tupu mara tisa. Ukitazama jumla, unauona mraba: karibu robo, nusu, robo. Ukitazama mfululizo wa kutoa mara nne nne, huuoni. Safari nyingine nyekundu mbili zilikuja zikifuatana, na safari nyingine zilipita mara kumi zote bila nyekundu mbili kutokea. Kuna nyumba wana watoto sita hakuna anayeumwa, na kuna nyumba wana wawili na wote wanaumwa, na wazazi wa nyumba zote mbili wamebeba sawasawa. Robo ni ya kila mimba, peke yake, tangu mwanzo. Wazazi wengi wanaotembea na ile hesabu ya jirani hawajawahi kuambiwa hivyo na mtu aliyekuwa na muda wa vikombe viwili.

Mama akakaa na hilo. Lilikuwa zito kuliko lile la kwanza. La kwanza lilimwondolea mzigo, hili lilimwongezea mwingine, na yote mawili yametoka kwenye mraba uleule.

"Kwa nini Mungu aliacha kitu hiki kikaenea hivi?" aliuliza baadaye. "Mbona hakikwisha, kama kinaua watoto?"

Hata hilo lilikuwa kwenye daftari. Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu. Aliona kwamba wenye S moja ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, kwenye malaria nyingi, na ni wachache nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo S moja iliokoa watoto wengi wa ukanda huu kwa vizazi na vizazi, na ndiyo maana haikupotea. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye wabebaji wengi.

Hapa binti aliongeza jambo ambalo kila mzazi mwenye mtoto wa sikoseli anapaswa kulishika: kinga hiyo ni ya wenye S moja. Mwenye SS hana nafuu hiyo, na malaria kwake ni hatari kubwa zaidi. Mama alilijua tayari kwa njia yake. Chandarua cha mvulana ndicho kizima kuliko vyote nyumbani.

Ilikuwa karibu saa tano usiku baba aliporudi, mikono ikinuka dizeli. Alikuta mke wake macho, vikombe mezani, na maharage mawili mawili yamepangwa kwenye mstari. Aliuliza kama ni mchezo wa bao.

Mama hakueleza. Alimsogezea karatasi, kisha akamwambia binti, "Mweleze baba yako kama ulivyonieleza mimi." Binti akaeleza, safari hii bila kutazama daftari, kwa mpangilio: herufi, wazazi, jozi, kila mmoja anatoa nini, mraba, usomaji wa mraba. Alipofika kwenye mchoro wa pili, ule wa mzazi mmoja tu, sauti ilimtetemeka kidogo lakini akaumaliza.

Baba alitoa maharage mara tatu au nne. Kisha akayaweka chini na kuanza kuzungumza habari ambayo haikuonekana kuhusika. Alisema aliwahi kuwa na mdogo wake aliyemfuata kwa kuzaliwa, ambaye jina lake halitajwi nyumbani kwao. Alikuwa mtoto wa kuumwa miguu usiku na kulia. Macho yake yalikuwa na rangi. Alifariki akiwa na miaka minne au mitano. Wazee walisema amerogwa na wakamtaja jirani, na familia mbili hazikusalimiana tena mpaka leo.

"Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja," alisema.

Hakuna aliyemjibu. Baada ya muda akasema Jumapili atakwenda kwa dada yake.

Alikwenda. Walichozungumza huko hakijafika nyumbani. Wifi bado anakuja, anakula, anamletea mvulana machungwa. Hajaomba radhi, ila lile neno la ukoo hajalirudia, na mama amesema hilo linamtosha kwa sasa, kwa namna ambayo inaonesha halimtoshi sana.

Binti hakusema usiku ule hesabu aliyokuwa akiifanya kimya tangu mraba wa kwanza. Yeye ni mzima. Kwa hiyo chumba cha SS kinafutwa, si chake. Vinabaki vitatu: kimoja AA, viwili AS. Watu wengi, hata waliofaulu, husema ndugu mzima ana nafasi ya nusu ya kuwa mbebaji. Ukishajua kwamba haumwi, ni mbili kati ya tatu. Aliliandika hilo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, na chini yake akaandika jina lake na la mdogo wake, kila moja na alama ya kuuliza.

Siku tatu baadaye alimwambia mama kwamba anataka kupima.

Mama alikataa mwanzoni. Sababu yake si ya ajabu, na akina mama wengi wataijua. Msichana wa miaka kumi na saba akijulikana kwamba amebeba, nani atamwoa? Aliona bora wasijue. Binti akamjibu kwamba kwa baba nako waliona bora wasijue. Jibu hilo lilikuwa kali kwa mtoto kumpa mzazi, na mama alimwambia hivyo. Lakini Jumamosi iliyofuata aliwahi kurudi sokoni, wakaenda wote watatu.

Maabara waliambiwa jambo la manufaa: kuna kipimo cha haraka kinachoonesha tu kama S ipo, kisichoweza kusema kama mtu ana moja au mbili. Ili kujua AA, AS au SS, inahitajika kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, kinachoitwa elektroforesisi, au kingine cha namna hiyo. Mzazi anayepeleka mtoto kupima aulize ni kipi kimefanyika, na majibu aandikiwe, asiambiwe tu kwa mdomo.

Majibu yalitoka baada ya siku kadhaa. Mdogo mtu AA. Binti AS.

Aliyapokea vizuri kuliko mama yake. Muuguzi wa safari hii alikuwa na muda. Alimweleza kwamba kuwa AS si ugonjwa, kwamba ataishi kama watu wengine, na kwamba siku atakapokuwa na mchumba, jambo la kujua ni herufi za huyo mwingine. Akiwa AA, mraba wao hauna SS. Akiwa AS, ni ule mraba wa kwanza, na hapo wawili wakae waamue wakijua. Binti alisema mraba huo anaweza kuuchora usingizini. Mama aliuliza kama cheti lazima kionyeshwe watu. Muuguzi akasema ni chake mwenyewe.

Kuhusu mtoto wa nne, baba na mama hawajaafikiana. Zamani walibishana juu ya jambo hilo wakiwa na hesabu mbili tofauti kichwani. Sasa wana moja. Baba anasema nafasi tatu kati ya nne ni nyingi. Mama anasema yeye ndiye anayejua siku nne za wodini zina saa ngapi.

Mwezi Novemba ulifika. Siku ya Baiolojia binti alitoka nyumbani mapema, uji ukabaki nusu kikombe. Alirudi mchana, akavua viatu mlangoni. Mama alikuwa uani anaanua dagaa, mvulana akimsaidia kuwafukuza kunguru.

"Lilikuja?"

"La urithi lilikuja. Lakini si sikoseli. Makundi ya damu."

Mama aliendelea kukusanya dagaa kwenye ungo.

"Uliandika kwanza herufi zinasimama badala ya nini?"

"Niliandika."

"Na ulisema ni kwa kila mimba?"

"Nilisema, mama."

"Haya. Kalete lile turubai."